Fahamu: Kwa nini nyumba za Lamu zina daka mlangoni?

Mji wa Kale wa Lamu, Kenya, uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zimepangwa kwa kufuata dini na mila.

Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mwenye nyumba hukaa hapo na wageni wake. Ukiingia, njia inakata kona ili mpita njia asichungulie ndani.

Juu ya vichochoro kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili. Zamani wanawake walitembeleana kupitia humo bila kushuka mtaani.

Ndiyo maana daka likizibwa na kufanywa duka, majirani wanakosa pa kukaa na familia inakosa stara.