Hereni ya Ndama

Agosti 2021 nilirudi nyumbani Daa, Karatu, nikiwa na cheti cha chanjo ya UVIKO-19 kwenye begi na bega linalouma. Nilikuwa nimechanjwa Dar es Salaam siku mbili kabla, ile ya Johnson & Johnson, dozi moja na basi. Usiku wa kuamkia safari nilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, asubuhi nikaamka mzima isipokuwa hilo bega.

Babu nilimkuta zizini. Alikuwa amefunga ndama saba tangu alfajiri, akimsubiri bwana mifugo aje kuwachanja dhidi ya ndigana kali. Yeye mwenyewe alikuwa amekataa kwenda zahanati.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nasikia umechanjwa."

"Ndiyo."

"Ndama akichanjwa anavishwa hereni. Nikimpeleka mnadani, mnunuzi anatazama sikio, anaongeza bei. Wewe wamekuvisha nini?"

Nilimwonyesha cheti. Alikigeuza upande huu na upande huu, akanirudishia. "Karatasi," alisema.

Nilicheka, lakini jambo lile halikuniacha. Chanjo ya ndigana si chanjo ya mchezo. Mtaalamu anafungua mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, anatoa dawa, na ndani ya dawa ile mna vijidudu vya ndigana vyenyewe, vilivyo hai, vilivyokusanywa kutoka kwa kupe. Anamdunga ndama chini ya sikio, papo hapo anampiga sindano ya pili ya antibayotiki iliyotengenezwa ikae mwilini kwa siku kadhaa. Kwa maneno mengine, anamwambukiza ugonjwa kisha anaushika mkia usikimbie. Mbinu hiyo ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na moja ya mbegu tatu zinazochanganywa ndani yake inaitwa Serengeti, kwa kuwa asili yake ni nyati wa huku kwetu. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameanza kuitumia kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndama wengine hupata homa na tezi huvimba, na wachache huhitaji kutibiwa upesi. Babu anayajua hayo yote. Kwa wiki tatu kila asubuhi hupita akiwagusa ndama chini ya masikio. Mwaka mmoja alipoteza ndama baada ya chanjo. Mwaka uliofuata alifunga ndama wengine.

Sasa mtu huyu anaogopaje sindano ambayo haina kirusi cha korona hata kimoja?

Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa wazee. Lakini mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi yangu ni kuuliza mtu alifikaje pale aliposimama. Babu alifika kwa njia ya ng'ombe.

Karibu mwaka 1888 ng'ombe walioletwa na Waitalia kwenye pwani ya Eritrea waliingiza barani ugonjwa wa sotoka. Ulishuka kusini kwa kasi ya kutisha. Kufikia 1891 ulikuwa umeingia nchi ya Wamasai, na inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Ndui ikafuata nyuma yake, kisha njaa. Machi 1892 msafiri wa Kiaustria, Oscar Baumann, aliteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro, na katika kitabu chake cha 1894 aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa na morani waliotambaa kwa mikono na magoti. Wamasai wenyewe huita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Leo mtalii akisimama pale ukingoni anaambiwa habari za faru na simba. Sijawahi kumsikia mwongozaji akimwambia mgeni kwamba chini pale watu waliwahi kufa njaa kwa sababu ya kirusi.

Na hapa ndipo habari inapotugusa sisi Wairaqw. Babu zetu walikuwa wamebanana kwenye milima ya Mbulu, kusini ya hapa, kwa sehemu kubwa kwa kuogopa kuvamiwa na Wamasai. Baada ya Emutai nguvu hiyo ilipungua, na katika miongo iliyofuata Wairaqw walisogea kaskazini, wakafungua mashamba mpaka Karatu na Mbulumbulu. Sababu zilikuwa nyingi, lakini sotoka ni mojawapo. Nimezaliwa Daa, kwa kiasi fulani, kwa sababu ng'ombe wa watu wengine walikufa. Si jambo ninalolisema kwa raha.

Chanjo zilikuja polepole. Kabete, Kenya, walitengeneza ile iliyopitishwa kwa mbuzi ili kirusi kidhoofike. Ilikinga, ila baadhi ya ng'ombe iliwaugua kwelikweli. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1950, palepale Muguga, daktari wa mifugo Mwingereza Walter Plowright na mwenzake Ferris wakachukua kirusi kilichopatikana Kabete mwaka 1910, wakakiotesha kwenye chembe za figo ya ndama, wakakihamisha kutoka chupa hadi chupa karibu mara 90. Mwisho wake kikasahau kuua. Ng'ombe aliyechanjwa alipata kinga ya maisha, bila kuugua.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kuzunguka Serengeti na Ngorongoro, ng'ombe walichanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja, nani angemkamata? Lakini kufikia 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Walikuwa takriban 260,000 mwaka 1961. Mwaka 1977 walihesabiwa kiasi cha milioni 1.3. Mvua nzuri za miaka ya 1970 zilisaidia, ila ufunguo ulikuwa kwenye zizi: kirusi kilikuwa kikiishi kwa ng'ombe na kuwarukia wanyama pori, kikakosa pa kuishi. Uchanjaji ulipolegea, mwaka 1982 kilirudi kwa nyati wa Serengeti. Ukaongezwa tena. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui.

Basi jioni ile nikamsimulia Babu habari ya nyumbu. Yeye ameyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa kijana anayeswaga ng'ombe wa baba yake kwenda kuchanjwa. Nikamwambia: ng'ombe alichanjwa, nyumbu akapona. Wewe ukichanjwa, wajukuu watapona.

Alifikiri. Akauliza, "Kwa hiyo nikichanja, hamtaugua?"

"Hatutaugua," nikasema.

Aliuliza pia mambo mengine, ya haki kabisa. Januari rais aliyekuwepo alizitilia shaka chanjo za nje mbele ya watu. Februari wizara ikasema haina mpango wa kuzipokea. Misiba ilitangazwa kwa maneno ya "changamoto ya upumuaji". Machi rais akafariki. Tarehe 24 Julai zikaja dozi zaidi ya milioni moja, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu. "Ndama wangu," Babu alisema, "hawajawahi kuambiwa mwezi huu dawa ni mbaya na mwezi ujao dawa ni nzuri."

Nilimweleza nilichokijua kuhusu sindano yenyewe. Waliotengeneza ile ya Johnson & Johnson walichukua kirusi cha mafua, wakakiondolea uwezo wa kuzaliana, wakakibebesha maelezo ya kutengeneza kitu kimoja tu: mwiba ambao korona hutumia kujishika kwenye chembe zetu. Mwili unasoma maelezo, unatengeneza miiba, unaishangaa, unajifunza kuipiga. Ile homa yangu ya usiku mmoja, uchovu, bega kuuma, ulikuwa mwili ukifanya mazoezi. Sikumficha madhara makubwa: wachache sana kati ya mamilioni, zaidi wanawake wenye umri chini ya miaka 50, walipata damu kuganda huku chembe za kugandisha damu zikipungua. Marekani ilisimamisha chanjo hiyo siku kumi mwezi Aprili kuchunguza. Nilimwambia dalili za kuangalia kwa wiki tatu: kichwa kinachouma bila kuacha, tumbo, mguu kuvimba, kukosa pumzi.

"Wiki tatu," alisema. "Kama ndama."

Alichanjwa Oktoba, siku ya mnada. Alinipigia simu kuniambia tu kwamba mkono unauma na kwamba hakuna hereni.

Desemba nilirudi kwa Krismasi. Kirusi kipya, Omikroni, kilikuwa kimeshaenea. Nilianza kukohoa mimi, kisha mama, kisha Babu. Hatukupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa ilikuwa nini. Babu alilala siku tatu, mama akimpa uji na maji ya ndimu. Siku ya nne alitoka nje, akakaa juani, akaniita.

"Ulisema hatutaugua."

Nilikuwa nimemdanganya bila kujua. Habari ya nyumbu ni ya kweli, ila si ya korona. Sotoka ilikuwa na sura moja: ng'ombe aliyeijua mara moja aliijua milele, na hakuibeba tena kumpelekea mwingine. Korona hubadilisha ule mwiba, na kinga yetu hufifia kwa miezi. Chanjo ilipunguza sana uwezekano wa mtu kufa au kulazwa. Kuzuia kikohozi kisipite mlango mmoja hadi mwingine ilishindwa. Mimi nilikuwa nimependa mfano wangu mno, nikaacha kuuliza kama unafaa.

Nikamwambia, "Nilikosea, Babu."

Alikaa kimya kidogo, akakohoa. Kisha akaniambia niingie ndani, nifungue kasha la bati lenye vibali vya mifugo, nimletee ile karatasi yake. Nikaleta. Aliitazama tarehe.

"Ya pili ni lini?" akauliza.