Saa Baada ya Sindano: Marburg, Kigali na Mipaka ya Neno "Kinga"

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa wa virusi vya Marburg nchini humo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 15 wamefariki. Takribani wanne kati ya kila watano walikuwa wahudumu wa afya. Nyarutarama, mtaa wa Gasabo unaotajwa zaidi kwa nyumba za kifahari na uwanja wa gofu, uliingia katika historia hiyo pale hospitali ya Baho ilipotengwa kuwa kituo cha matibabu.

Marburg ulianza kama ugonjwa wa kazini. Mwaka 1967 watu 31 waliugua na 7 kufariki katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade. Wa kwanza wao walikuwa wafanyakazi wa maabara walioshika damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kigali ilirudia sura hiyo kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza, mchimba madini aliyehusishwa na popo wa mgodini, alikuwa pia na malaria, na malaria hiyo ikauficha ugonjwa wa pili. Waliomhudumia hawakuwa na sababu ya kujihadhari kuliko kawaida.

Kwa virusi vingine vya damu, njia baada ya ajali ilikwisha kuchorwa. Ripoti ya kwanza ya mhudumu aliyeambukizwa VVU kwa kuchomwa sindano ilichapishwa mwaka 1984. Mwaka 1997 utafiti uliolinganisha wahudumu wa Ufaransa, Italia, Uingereza na Marekani ulionyesha kwamba zidovudini ilihusiana na kupungua kwa hatari kwa takribani asilimia 81. Leo dawa huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina, hivyo aliyechomwa hupimwa, hufuatiliwa na kutibiwa akibainika. Kwa Marburg hapakuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Hata hivyo, tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baada ya tangazo, wahudumu wa Rwanda walianza kuchanjwa kwa chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin, na wagonjwa walipewa remdesiviri na kingamwili za MBP091.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini neno lake kuu, "kinga", limebebeshwa mengi mno: glavu ni kinga, chanjo ni kinga, uwezo wa mwili ni kinga. Usemi kwamba kinga ni bora kuliko tiba huiweka kinga kabla ya tukio, na tiba baada ya ugonjwa. Saa zile za katikati, damu ikiwa imeshagusa na ugonjwa haujaanza, hazina jina linaloeleweka wodini. "Mfiduo" linasomwa na wanaistilahi. Muuguzi husema "nimejichoma", kisha mara nyingi hunyamaza. Mwongozo unaomwambia "tumia kinga" baada ya kujichoma unamrudisha kwenye glavu alizokwisha kuzivua. "Dawa ya kuzuia maambukizi baada ya kuchomwa" ni ndefu, haina umaridadi wa istilahi, lakini inasema ni dawa, inasema ni ya lini, na aliyechomwa usiku wa manane anajua aombe nini.