Daftari la Uzi: Tarizi ya Wanawake wa Palestina

Kumbukumbu za mataifa aghalabu hutafutwa katika madaftari ya serikali, katika mawe ya makaburi na katika vitabu vya wenye elimu. Wanawake wa vijijini wa Palestina, ambao wengi wao zamani hawakufundishwa kusoma wala kuandika, waliziweka zao katika nguo. Yamkini ndilo daftari lililodumu kuliko yote waliyokuwa nayo, maana kila lilipokimbiwa jengo, nguo ilikimbia pamoja na mwenyewe.

Hata katika miaka ya 1930, mtu mwenye macho mazoefu aliweza kumtazama mwanamke sokoni akajua atokako kabla hajafungua kinywa. Kanzu yake ndefu ilikuwa ya kitani au pamba, nayo ilitariziwa kidarini, mikononi, ubavuni na katika pindo la nyuma. (Neno letu tarizi na neno lao tatriz ni la shina moja, basi hatuna haja ya kuazima jingine.) Ramallah walipenda hariri nyekundu juu ya kitani cheupe au cheusi. Bethlehem hawakuhesabu mishono kama wengine: walilaza uzi wa hariri na wa dhahabu juu ya nguo, kisha wakaushikiza kwa mshono mwembamba, na kazi yao ilisifika hata mabibi harusi wa vijiji vingine wakanunua vidari vya huko. Beit Dajan, karibu na Jaffa, walikaa katikati ya mashamba ya michungwa. Ua la mchungwa likaingia katika kanzu zao, na ubavuni mwake ukasimama mti wa sarwa, ule mrefu mwembamba. Kwa Wabedui wa Naqab, rangi ilieleza hali ya mtu: buluu kwa asiyeolewa, nyekundu kwa aliyeolewa. Mama alimfundisha binti tangu utotoni, na kazi ilihukumiwa kwa kugeuzwa: upande wa nyuma usiponyooka, sifa ya upande wa mbele ilipungua.

Ni lazima isemwe kuwa mabibi hao hawakukusudia kuhifadhi historia. Walitaka kupendeza arusini, na pengine kumshinda jirani. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 uzi wa pamba wa kiwanda kutoka Ufaransa ulipoenea, pamoja na vitabu vya vielelezo, waliyapokea mawaridi ya Ulaya bila haya, wakayatia kando ya nakshi za nyanya zao. Wapo wanaosikitikia mchanganyiko huo. Mimi sioni sababu ya kuusikitikia. Shahidi asiyejua kuwa anashuhudia hana sababu ya kupamba maneno yake. Kanzu ya Beit Dajan haikushonwa ili kuthibitisha kwamba Beit Dajan palikaliwa na watu. Kwa ajili hiyo hasa, yathibitisha.

Mwaka 1948 vijiji zaidi ya 400 viliachwa bila watu, na vingi vikabomolewa. Watu wapatao 700,000 walifukuzwa au wakakimbia. Beit Dajan ilihamwa mwezi Aprili. Katika makambi ya Lebanoni, Jordani, Syria na Gaza, kanzu ya arusi ilikuwa mali, na njaa haijui nakshi: nyingi ziliuzwa. Nyingine, nguo yake ilipochakaa, kidari kilibanduliwa kikashonewa nguo mpya. Wanawake wa vijiji mbalimbali, waliokuwa hawaonani ila sokoni, sasa walichota maji mahali pamoja, wakaigana. Katika miaka ya 1960 ilitokea kanzu yenye mistari sita mipana iteremkayo tangu kiunoni, nayo haikuwa ya kijiji chochote. Mtaalamu wa mavazi angeweza kusema kuwa lugha ya zamani ilikuwa imeharibika. Lakini palikuwa pamezaliwa kitu kisichokuwapo awali, yaani kanzu ya Mpalestina asiye na kijiji.

Baada ya vita vya 1967, bendera ya Palestina ilikatazwa katika nchi iliyotwaliwa, na katazo hilo halikulegezwa hata 1993. Maasi ya wananchi yalipoanza Desemba 1987, wanawake waliitarizi bendera kidarini, pamoja na ramani ya nchi na Kuba ya Mwamba. Askari aliweza kuishusha bendera mlingotini. Kumvua mwanamke kanzu barabarani lilikuwa jambo jingine. Ujasiri huo wastahili heshima kubwa. Hata hivyo, nikiambiwa nichague shahidi mmoja, ningechagua kanzu ya zamani isiyo na ramani. Ile ya 1988 yaeleza watu wanataka nini. Ile ya 1930 yaeleza walikuwa nani kabla hawajalazimishwa kutaka.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Samiha Khalil alianzisha chama cha Inash al-Usra mjini al-Bireh mwaka 1965, na huko tarizi ikawa kazi ya kuwalisha wanawake na pia elimu ya kuhifadhiwa. Widad Kawar, aliyekulia Bethlehem, alikusanya mavazi kwa miaka mingi akiandika habari za waliyoyavaa. Mkusanyo wake una nyumba yake mjini Amman tangu 2015. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza tarizi ya Palestina katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Miaka miwili baadaye ilifika zamu ya Gaza. Kabla ya 1948 kitambaa mashuhuri cha upande huo kilifumwa al-Majdal, mji ulio kaskazini ya Gaza. Aina moja, yenye milia ya kijani na nyekundu ukingoni, iliitwa “janna na nari”, maneno ambayo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Wakazi wengi walikimbia 1948. Waliosalia walihamishwa 1950, na wafumaji wakasimamisha vitanda vyao vya kufumia Gaza. Mwaka huohuo wa 1950 palianzishwa Sulafa, kazi ya tarizi kwa wanawake wakimbizi, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa. Miaka 70 na zaidi kitambaa kikaitwa cha Majdal, ingawa wengi waliokifuma na kukivaa hawakupata kuiona Majdal.

Katika vita vilivyoanza Oktoba 2023, hifadhi ya nyaraka ya Jiji la Gaza iliteketea, maktaba ya manispaa ikavunjwa, makumbusho ya Rafah yakawa kifusi, na Msikiti Mkuu wa Omari ukabomolewa mwezi Desemba. UNESCO imethibitisha madhara katika mahali pa kihistoria zaidi ya 100. Wafumaji na washonaji walihama tena na tena, wengi bila sanduku. Safari ya 1948 kanzu iliweza kubebwa mwilini. Safari hii mara nyingi nyumba ilianguka na nguo zikiwa ndani, na pengine aliyejua kuzishona naye akiwamo.

Zilizosalia zimo Amman, Birzeit, London na kwingineko. Kibandiko cha kila moja hutaja kijiji, nguo, uzi na miaka ya kukisia. Mahali pa jina la mshonaji, mara nyingi ni patupu.