Mafunjo uani: angalia chumvi kwanza

Mafunjo, kwa jina la kitaalamu Cyperus papyrus, watu huyaita nyasi lakini ni jamaa wa ndago, ile inayolaaniwa na kila mkulima. Shika bua lake, utahisi pembe tatu. Kando ya Ziwa Naivasha hufikia mita 4 au zaidi, na kileleni hubeba shungi la nyuzi za kijani. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mabua hayo.

Kuotesha si kazi. Chimbua shina linalotambaa chini, kata kipande chenye machipukizi mawili matatu, kipande kwenye beseni lisilotoboka lenye udongo mzito na samadi iliyooza. Maji yafunike udongo kwa vidole viwili. Weka juani. Bua likikauka, likate chini kabisa, jipya litatoka.

Taabu yetu Pwani ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na mafunjo hayayawezi. Ncha hugeuka kahawia, kisha shungi zima. Basi onja kwanza. Yakiwa ya chumvi, kinga ya mvua. Na kama kisima cha msikiti wenu kina maji baridi, yale ya udhu yanayomwagika bure barabarani yangetosha kabisa.

Mbu nao wasisahauliwe: tia samaki wadogo, au mwaga maji yote kila siku ya 4 au ya 5. Vipande vilivyobaki visitupwe mtaroni. Vikishika mizizi huko, vitauziba.