Jina la Chumba na Jina la Mpangaji

Miaka ya 1990, kompyuta ya kawaida ilikuwa na kebo mbili bapa za IDE, kila moja ikibeba vifaa viwili. Vyumba vinne, basi. Kwenye Linux, diski ya chumba cha kwanza iliitwa /dev/hda, ya pili hdb, kisha hdc na hdd. Lilikuwa jina la chumba, si la mpangaji: ukitoa diski na kuweka nyingine, mgeni alirithi jina. Lakini asipohama mtu, jina halikuyumba. Mwenye mashine aliandika hda1 katika /etc/fstab, faili inayoeleza diski ipi ipachikwe wapi mashine inapowaka, akasahau.

Kwa diski za SCSI, aina ya muunganisho uliotumika hasa kwenye seva, herufi ziligawiwa kwa zamu ya kuonekana: sda, sdb, sdc. Sda ikifa usiku, sdb huamka ikiitwa sda. Wenye seva waliyazoea hayo. Wengine yaliwafikia baadaye, diski za USB na SATA zilipoingia foleni hiyohiyo, na kufikia 2007 hata zile za IDE zikaanza kuhamishiwa huko. Hda ikawa sda, na mashine iliyotegemea fstab ya zamani ikagoma kuwaka.

Red Hat, watoaji wa toleo moja la Linux, walikuwa wameshajaribu lebo, jina linaloandikwa ndani ya diski yenyewe: LABEL=/. Inasomeka vizuri, mpaka uchomeke diski iliyotoka kwenye Red Hat nyingine, nayo imeandikwa vivyo hivyo.

Dawa ilikuwa imelala ndani ya diski zenyewe. Mfumo wa mafaili wa ext2 ulikuwa na nafasi ya UUID, namba ya biti 128, wazo lililotoka kampuni ya Apollo Computer ya Marekani miaka ya 1980: namba ndefu kiasi kwamba kila mtu aweza kujitungia yake bila kuuliza msajili, na zisigongane. Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman alileta udev, programu inayovipa vifaa majina kwenye Linux, na chini yake ikazaliwa saraka ya /dev/disk/by-uuid. Ubuntu 6.10, toleo jingine la Linux, Oktoba 2006, ikaanza kuziandika namba hizo katika fstab. Herufi 36, hazina uzuri wowote machoni.

Nazo zina mtego. Ukinakili diski nzima kwa amri ya dd, UUID nayo hunakiliwa. Mfumo wa mafaili wa XFS, usipoulazimisha, hukataa kumpachika pacha huyo wakati mwenzake ameshapachikwa. Hapo mafundi hugeukia saraka ya jirani, /dev/disk/by-id, inayosoma namba iliyotolewa kiwandani.