Krokosmia si ua la kiangazi

Nilipewa nikague tafsiri ya lebo ya maua kutoka Kiingereza: "Mmea wa kudumu, wa kupamba mipaka ya bustani wakati wa kiangazi." Pichani ilikuwa krokosmia, majani kama panga, bua limepinda, maua ya rangi ya machungwa yamejipanga juu yake.

Mipaka niliigeuza haraka ikawa matuta ya maua, maana hakuna jirani wa kugombana naye hapo. Kiangazi ndicho kilichoniweka. Kwetu kiangazi ni vumbi na visima kukauka. Krokosmia kwao ni kusini na mashariki mwa Afrika, na ile ya porini iitwayo aurea imeenea hadi Tanzania; hupenda vivuli vya pembeni mwa msitu na udongo wenye unyevu. Mwingereza anaposema msimu wake wa joto anawaza Julai na Agosti, jua na manyunyu kwa zamu. Mwambie mkulima wa Lushoto kwamba hili ni ua la kiangazi, atalipanda life kiu.

"Kudumu" nako kuna mushkeli. Baridi ya Ulaya ikiingia majani yote hukauka; kinachobaki ni tunguu, kakaye kitunguu, chini ya udongo. Tunguu la mwaka huu huota juu ya la mwaka jana, nalo limekaa juu ya la mwaka juzi, hata ukiling'oa shina unapata kitu kama ushanga mzima. Kule Uingereza ushanga huo umekuwa kero. Chotara aliyezalishwa na Victor Lemoine mjini Nancy, Ufaransa, karibu na mwaka 1880, kutokana na aina mbili za Afrika, ametoroka bustanini, na leo ni kosa kisheria kumwotesha porini.

Huyo Waingereza humwita montbretia, kwa heshima ya Coquebert de Montbret, kijana Mfaransa mtaalamu wa mimea aliyefuatana na msafara wa Napoleon Misri akafia Cairo mwaka 1801. Wanabotania walikwisha liacha jina hilo. Wapenda bustani hawana habari.

Mimi nalipenda hili la Kigiriki: krokos ni zafarani, osme ni harufu. Loweka maua yake makavu katika maji ya uvuguvugu, utasikia zafarani. Lugha iliyotoa manjano kwenye bizari, kijivu kwenye jivu na kahawia kwenye kahawa isingeshindwa hapa, nikajaribu "mzafarani". Lakini huo ni mmea wa zafarani yenyewe, na nikamwona mpishi wa biriani akiliendea tuta la watu na bakuli mkononi.

Nikaliacha jina krokosmia lilivyo. Kiangazi nilikifuta, nikaandika: "panda penye unyevu."