Fundi Aitwaye Baba

Katika migodi ya Kolwezi, si mbali na Nzilo, Wakongo na Wachina hufanya kazi pamoja siku hizi. Huko kwao, Wachina humwita fundi stadi, hata dereva, shifu. Wapenzi wa filamu za mapigano walijua neno hili zamani: ndilo jina la mwalimu wa kungfu. Je, lina uzito gani?

Shule za kale za mapigano huko China hazikuwa na mikanda ya vyeo. Mikanda ilitoka Japani, katika judo aliyoianzisha Kano Jigoro mwaka 1882. Cheo cha Wachina kilikuwa cha ukoo. Shifu likiandikwa kwa namna moja ni fundi. Kwa namna nyingine ni mwalimu aliye baba. Mwalimu wa mwalimu huitwa babu. Mwanafunzi aliyetangulia ni shixiong, yaani kaka. Aliyefuata ni shidi, yaani mdogo. Hautazamwi umri wala nguvu, bali nani aliingia kwanza. Mtu wa miaka 40 humwita kaka kijana aliyemtangulia.

Siku ya kupokelewa, mwanafunzi hupiga magoti na kumpa mwalimu kikombe cha chai. Tangu hapo wote wawili wana deni: mmoja atii, mwingine afundishe. Hata kaka anadaiwa. Bruce Lee alikuwa mwanafunzi wa Yip Man huko Hong Kong miaka ya 1950, lakini mengi alifundishwa na Wong Shun-leung, kaka yake wa shule. Mwaka 1998 China iliweka madaraja tisa ya mitihani. Majina ya ukoo hata hivyo hayakufutika.

Nasi Katanga tulikuwa na mabingwa wetu: wayeyushaji walioitwa wala shaba, ambao Askofu de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Siri za tanuru walifundishwa wale tu waliopokelewa katika chama. Kisha ukaja ukoloni, na katika nyumba za Wazungu mtu mzima mwenye wajukuu akaitwa boi.

Basi jina si pambo. Tukimwita mgeni shifu, tuna haki ya kumdai ufundi wake, asitufiche. Na mzee wetu anayelehemu chuma kwa mikono stadi, yeye naye aitwe shifu, na vijana wakae karibu naye wajifunze.